Mtoto Mwenye Kofia ya Ndege Wawili

Hindeloopen, 3 Mei 1716

Mdogo wangu Hylke,

Salamu nyingi. Sisi wazima, isipokuwa mume wangu Douwe, bado anakohoa, na ile dawa yako inayonuka samaki mbovu kaimwagia kabichi. Kabichi zimekufa. Wewe huko Leiden hujambo? Hata mabaharia wanakutaja: daktari mkuu, mwenye nyumba iliyojaa mamba wakavu, makombe ya baharini na vipepeo. Baba angekuwa hai tusingelala kwa majivuno yake.

Sasa nina swali. Jirani yetu Baukje alikuja kuitazama mikusanyo yako, na tangu arudi ananikwepa. Jana nimembana jikoni mpaka akalia. Anasema kwenye rafu ya nyoka kuna chupa, na ndani ya chupa mtoto mchanga mwenye kofia iliyotariziwa pindo la ndege wawili. Kila nyumba hapa ina pindo lake, na hilo ni la mama yetu. Binti yangu alipozaliwa amekufa, nilimwosha na kumvisha kofia hiyo mwenyewe, wewe ukamchukua ukamzike.

Niambie Baukje ni mwongo, nimtukane nipumue.

Dada yako,
Wytske

Leiden, 28 Juni 1716

Dada mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kuchelewa, homa imejaza wagonjwa mlangoni. Natumaini kifua cha shemeji kimepata nafuu.

Baukje si mwongo. Sikumzika. Dada, hujui uso ule ulivyokuwa hauna kasoro. Ardhini angekuwa tope kabla ya majira ya baridi kwisha. Kwangu amelala vilevile ulivyomwacha, mashavu yale yale. Madaktari wametoka mbali kujifunza kwake jinsi ya kuhifadhi mwili, na wapo waliotokwa na machozi. Kofia sikuwa na moyo wa kuivua.

Nilidhani ningekuonyesha siku moja, ukafurahi.

Mdogo wako,
Hylke

Hindeloopen, 9 Julai 1716

Hylke,

Shikamoo yako sijaiitikia. Hali yangu usiiulize.

Nifurahi? Loo! Miaka tisa napalilia udongo mtupu kando ya kaburi la Baba. Nimepanda maua pale, nimepiga magoti pale, nimemsimulia habari za ndugu zake. Na wewe ulikuwa ukija sikukuu, unakula jibini yangu, unasimama nami pale pale umevua kofia! Mtu mzima huoni haya?

Vipepeo kusanya, hawana mama. Huyu anaye. Douwe sijamwambia, kwa sababu atakuja na shoka, na nyinyi nyote wawili ni wangu.

Nirudishie mwanangu nimzike. Sina jingine.

Wytske

Leiden, 14 Oktoba 1716

Dada yangu,

Shikamoo, hata usipoitikia. Nimekonda, silali.

Barua zako zote tatu za baada ya ile zimenifikia. Mfalme wa nchi ya mbali ameununua mkusanyo wangu mzima, kila chupa na kila kombe, na makasha yamekwisha pakiwa melini. Jina letu litakaa katika jumba lake hata sisi tukiwa tumesahauliwa.

Lakini binti yako nimemtoa kabla hawajapigilia misumari. Yumo katika sanduku alilokuletea mwenye mashua. Nakusihi kama daktari, usiifungue chupa. Spiriti ile inayomhifadhi itakuumiza macho, na utakachokiona kitakuumiza zaidi. Mzike hivyo hivyo.

Nihurumie.

Mdogo wako,
Hylke

Hindeloopen, 2 Novemba 1716

Hylke,

Mama gani anazika chupa?

Niliifungua. Kofia ni yetu, ndege wawili wote wapo. Nikambusu paji la uso, nikasema karibu nyumbani mama. Kisha nikamvua nguo za lesi ulizomvisha, nimwoshe spiriti hiyo.

Ni mvulana.

Ulifikiri nitaogopa kutazama. Wangu umempa mfalme, maana ndiye mzuri, na huyu ukamvika kofia yake ukaniletea ninyamaze.

Nimemwambia Douwe. Hakushika shoka. Alishika sepetu, akachimba huku anakohoa, tukamzika mtoto wa watu pale ulipokuwa udongo mtupu. Mchungaji aliuliza jina lake nani, tukatazamana.

Sikuombi wangu tena, najua bahari imemchukua. Nijibu moja tu: huyu mama yake ni nani, na anakaa wapi? Nitakwenda mwenyewe kumwambia mwanawe amelala wapi.

Wytske