Maharage ya Atu

Jumatatu, 7 Julai
Baridi ya Mafinga haina adabu. Nimekunywa chai, nimekohoa, nimemtukana jogoo. Kisha mchezo.

Mjukuu wangu Atu yuko likizo. Anasomea kutengeneza michezo ya kompyuta huko Mbeya. Mwalimu wao kasema chuo kikifunguliwa kila mmoja aje na mchezo uliokwisha kuchezwa mezani, usio na mshindi yuleyule kila siku. Ndipo aguse kompyuta. Mwaka jana Atu alijiandaa dakika za mwisho, akafeli. Akifeli tena wanamtoa.

Mchezo wake ni malori ya mbao, kutoka hapa hadi Mbeya. Malori ni vizibo vya soda. Mbao ni maharage. Atakayefikisha nyingi ndiye mshindi. Nimeshinda mimi.

"Mke wangu, rudi jikoni," nikamwambia.

"Kibogoyo wewe, kesho utalia."

Ndiyo utani wetu. Babu na mjukuu wasipotukanana, kuna mgonjwa.

Jumanne, 8 Julai
Nimeshinda tena. Siri yangu: akiinamia jiko kuchochea mkaa, nadokoa maharage kwenye lori lake. Mengine natia kwenye langu, mengine mfukoni. Raha tupu. Yeye hajui. Anadhani kanuni zake ni mbovu. Kafuta, kaandika upya.

Alhamisi, 10 Julai
Kanuni zimekuwa nyingi kama mashangazi msibani. Pancha, mvua, mizani, utelezi. Mimi mwenyewe sizielewi, niliishia darasa la nne. Lakini nashinda.

Atu hali. Ugali umelala. Anasema mchezo una ugonjwa asioujua.

Nilitaka kumwambia. Nikanyamaza. Kwa nini? Andika tu, mzee, hakuna anayesoma. Akifeli atabaki hapa. Tangu bibi yake afariki, nyumba hii ina sauti moja, na hiyo moja inakohoa.

Nimejiona nilivyo. Nimeogopa.

Ijumaa, 11 Julai
Siku mbaya.

Nimejaribu kushindwa. Nikamrudishia maharage kwa siri, lori langu nikalichelewesha makusudi. Akashinda kwa mbali mno. Akajua namhurumia. Akalia kama mtoto. Akachukua simu kumpigia baba yake, mwanangu, amwambie harudi chuo tena. Simu haikupatikana. Namshukuru Mungu kwa mtandao mbovu.

Asije akapiga mara ya pili, nikageuza mfuko, nikamwaga maharage yote mezani. Akayatazama. Akatazama makaratasi yake, wiki nzima ya kufuta na kuandika.

"Sawa, Babu," akasema.

Babu! Sijawahi kuitwa hivyo bila tusi nyuma yake.

Jumamosi, 12 Julai
Karudi kwenye kanuni za kwanza. Kacheza na jirani, Mama Neema, tangu asubuhi. Mara huyu kashinda, mara yule. Mchezo ulikuwa mzima, haukuwa na ugonjwa. Ugonjwa ulikuwa mimi.

Sikuitwa mezani. Chai kaniletea kwa mikono miwili. Shikamoo Babu. Karibu chai Babu. Nimemwita mke wangu, kaitika "Abee, Babu." Adabu hii inaniua. Afadhali angenichapa.

Jumapili, 13 Julai
Kapanda basi, ubao wa mchezo kaukumbatia kifuani. Pale stendi nikamwambia asiolewe huko na kijana mwenye meno. Hakucheka. Kapiga goti, kaniaga vizuri, kama mgeni.

Sijala. Sina hamu. Akifeli ni mkono wangu huu.

Jumatano, 16 Julai
Jua kidogo. Jogoo kanyamaza mwenyewe.

Mwanangu kapiga. Mchezo umepita, Atu karuhusiwa kuanza kwenye kompyuta. Nikasema vizuri sana. Nikakaa chini. Atu hakunipigia mimi.

Nimefagia. Chini ya kiti nimeokota harage moja, la kwenye lori lake. Nimeliweka dirishani.

Alasiri simu ikalia. Ujumbe:

"Shikamoo mwizi. Darasa zima limekucheka, kibogoyo mkubwa. Nikija Desemba nakushonea mifuko yote isifunguke."

Nimeusoma bila miwani. Nimeusoma na miwani. Nikajibu: Marahaba, mke wangu.

Harage liko palepale dirishani. Silirudishi.