Majani ya Samaki Uliyemwacha

Dada yangu mpendwa,

Salamu zangu zikufikie huko kazini ukiwa mzima, na kama ule mgongo bado unakusumbua, basi uwe umepata nafasi ya kuulaza. Sisi hatujambo, mimi na mwanao. Anakula, anakua, na viatu ulivyomnunulia vimeanza kumbana.

Najua utauliza habari za samaki. Yu hai. Ila roho yangu imekuwa juu juu, maana nusura nimuue kwa mikono yangu. Maji ya tangi lake la kioo yalikuwa yakichafuka haraka, jirani akasema majani hai huyasafisha. Nikaenda duka la samaki wa mapambo, nikamwambia muuzaji mimi mgeni wa mambo haya, anipe yasiyodeka. Akanipa mmea wa majani mapana, mazito, akasema hauhitaji jua wala mbolea, mwanga wa dirishani unautosha. Mengine sikumngoja amalize. Mtoto wa mkulima nifundishwe kupanda! Nikauzika kwenye changarawe, shina lote, nikashindilia kama mama alivyotufundisha kwenye viazi.

Shina likaoza. Maji yakaingia ukungu na harufu, samaki akawa anahema juu kabisa, mdomo nje. Mwanao akasimama mbele ya kioo, akaniuliza kama samaki akifa wewe hutarudi. Kumbe ulipoaga ulimwambia amtunze, utakuja kumkuta. Dada, nikabadilisha maji kidogo kidogo, kisha mbio dukani. Muuzaji alicheka mpaka akashika meza. Alisema mmea ule hauzikwi. Shina hufungwa kwa uzi juu ya jiwe, na mizizi hujishikia yenyewe. Akaniongezea majani marefu membamba, akasema hayo ndiyo ya kuchomeka, tena mizizi tu. Sasa maji yanang'aa, na samaki anapita humo kama mwenye nyumba.

Ningependa kuishia hapo, lakini moyo unakataa. Tangu mizizi ishike jiwe, mwanao haendi tena kwenye kioo. Hamuulizii samaki, wala hakuulizii wewe. Zamani aliniita Mama Mdogo. Siku hizi ananiita Mama, basi. Juzi aliniita hivyo mbele ya mwalimu wake, nami nikaitika. Niliona raha, dada, kisha nikaingiwa na hofu. Anayemlisha samaki kila asubuhi ni mimi. Hata jiko sijawasha, nishakwenda kumtazama kama anahema. Mwanao ameshasahau kwamba samaki akifa hutarudi. Anayeamini sasa ni mimi.

Jirani anakusalimu sana. Mwanao nilimwomba naye aongeze salamu zake hapa chini, akasema baadaye, anacheza.

Samaki yu hai, dada. Njoo.

Ni mimi,
mdogo wako.