Vipele Ninavyomficha Nesi

Mshauri mpendwa, shikamoo kama umenizidi umri, na kama sivyo nasubiri yangu. Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kidete, nina saratani ya utumbo mpana iliyozishinda dawa mbili, na mwaka jana hospitali moja ya Dar es Salaam ikanipokea kwenye majaribio ya dawa ya kingamwili, ambayo, nikueleze kidogo, huziba tundu la kufuli kwenye chembe ya saratani ili ufunguo wa kuikuza usiingie, na juzi, mshauri, picha zimeonyesha uvimbe umepungua karibu nusu! Nilipanda kilimani kutafuta mtandao nikawapigia wanangu wote, nikipayuka kama mlevi.

Lakini nimedanganya. Nesi anayeandika maendeleo yetu wagonjwa wa majaribio, Fausta, nilimfundisha darasa la nne. Hunisalimu kwa kupiga goti, kisha huuliza, “Mwili unaendeleaje, Mwalimu?” nami hujibu, “Salama, mwanangu,” kwa kuwa mzee hamwambii mwanafunzi wake kwamba anaharisha mara saba kwa siku. Vipele vilivyonijaa usoni nilimwambia ni mbu wa mabondeni Tindiga. Mke wangu Costancia hunicheka: “Chunusi miaka sabini! Unamposa nani?” Nikisema kweli sasa, naogopa wataniondoa, na dawa ndiyo kwanza imenikubali. Nifanyeje?

Mwalimu K., Kidete

Shikamoo, Mwalimu, mimi nina hamsini na mbili. Habari ya uvimbe niliisoma kwa sauti hapa ofisini, watu wakapiga makofi. Nilipofika kwenye mbu, makofi yakakoma.

Bila shaka ulifundisha watoto kupima mvua. Mtoto akiandika sifuri siku ya mvua kubwa kwa kuona haya, ungempa vema? Swali la Fausta si salamu, ni kipimo. Mgonjwa wa kijijini Lumuma atakayepewa dawa hii baadaye ataambiwa haisumbui tumbo, kisha aishiwe maji mwilini akiwa shambani peke yake, kwa sababu wewe ulikuwa na adabu.

Daktari niliyemuuliza anasema vipele na kuharisha ni mambo wanayoyatazamia kwa dawa za namna hii, na mara nyingi huyatibu huku dawa ikiendelea. Hakuahidi kwamba utabaki, nami siahidi. Ila binti huyo amesomea matumbo ya watu, hutamshtua.

Usingoje siku ya sindano. Mpigie leo, mtajie idadi na tarehe, na akikutuma hospitali ya Kilosa kuongezwa maji, nenda leo hii. Aibu haiui, Mwalimu. Kuharisha kunaua.