Maua ya Pasaka Kutoka Kasonso

Jumamosi, 19 Aprili 2025

Nimepanda Kasonso leo. Njiani nimeketi mara tatu, nikijifanya nafunga kamba za viatu. Viatu vyangu havina kamba.

Mizinga yangu minne ni mizima. Nyuki wamenisalimu kwenye sikio, kama kawaida yao. Msitu bado una ubaridi wa mvua, na chini ya miti ya masuku nimepata uyoga wa mwisho, umezeeka kama mimi, lakini unalika. Halafu kule juu miti inakoma ghafla. Kichwa cha kilima ni kitupu. Mti hautaki kuota pale, ila vimaua vya buluu tu, vingi, vingi!

Miaka kumi na tisa napanda hapa. Adèle, mke wangu, husema nina bibi wa pili, na bibi mwenyewe ana kipara.

Jumapili ya Matawi akina mama wa parokia walinicheka: eti wanaume wa kwaya wanaleta koo tu, hawaleti kitu. Basi! Nimekata maua, mzigo mzima. Kesho altare itapendeza.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Altare yote buluu! Padri amenishukuru kwa jina mbele ya watu wote. Nimeinamisha kichwa kwa unyenyekevu, huku nikichungulia kama Adèle anaona.

Baada ya misa kijana mmoja akanijia. Shati jeupe, kucha zenye udongo mwekundu. Glodi, mchimbaji, ametoka mbali. Akaniita tata, yaani baba: Tata mwalimu, hii maua inatoka wapi? Mimi ukiniuliza swali sinyamazi tena. Nikamweleza: barabara ya Nzilo, ukipita daraja la mbao shika kushoto, fuata miti ya masuku mpaka miti iishe. Nikamchorea kwa kidole kwenye benchi! Akaomba ua moja. Nikampa matatu. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

Saa nane, mezani. Mfupa wa kuku mkononi. Ndipo nikaelewa.

Maua haya yanapenda shaba. Yanaota palipo na shaba juu juu, pale mti unaposhindwa. Wazee walioyeyusha shaba zamani waliyafuata hayo hayo. Nani anayafundisha hayo kila mwaka? Mimi! Mwalimu wa jiografia, miaka ishirini na saba, na mchoro ubaoni kwa chaki ya rangi. Lakini kule Kasonso kwangu yalikuwa maua tu.

Sikumaliza kuku. Adèle ameuliza kama naumwa.

Jumatatu, 21 Aprili

Nimemwambia Adèle. Amecheka kwanza: pengine kijana anampelekea mchumba! Halafu akaniangalia, akaacha kucheka. Enda kwa shefu wa kijiji leo, amesema. Njia ya kule ni moja tu. Aweke watu pale darajani kabla wachimbaji hawajafika.

Ana haki. Nikavaa viatu. Nikavivua.

Naogopa. Nikisema ni mimi, watasema nini? Mukasai, mtu wa Kasai, ameuza kilima chetu. Baba alizaliwa hapa Kolwezi, mimi nimezaliwa hapa, lakini siku ya matata sisi ni wa jana. Mwaka 1993, Wakasai tulipofukuzwa, tulikaa kwenye gare na masufuria na magodoro, tukingoja treni ya kutuondoa. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili. Mama alikuwa anafagia pale kwenye gare kila asubuhi, kama ni nyumba yake.

Nimevaa viatu tena. Mvua ikanyesha. Asante, mvua.

Alhamisi, 24 Aprili

Nimetoka shule, nikachukua moto, pikipiki ya abiria, mpaka darajani, nikapanda mbio. Mbio zangu, yaani.

Kule juu kuna shimo. Jipya, linanifikia kifuani. Maua yamekanyagwa, na pembeni wamepanga mawe ya kijani, vizuri, kama mtu anayepanga nyanya sokoni. Hakuna mtu. Nyuki tu.

Nikateremka bila kuangalia nyuma. Kwenye chemchemi ya kijiji, chini ya kilima, nikamkuta Mama Josée, dada wa shefu, anachota maji.

— Mwalimu! Umeona simba?

— Nyuki, mama. Nyuki bananifukuza.

Akacheka mpaka akatua ndoo. Kumi na tisa miaka unakula asali yabo, akasema, leo njo banakumbuka!

Nilikuwa mbele yake. Shefu alikuwa nyumbani, hatua mia mbili. Nikacheka naye.

Jumamosi, 3 Mei

Wamekuja.

Sijui ni wangapi. Mamia. Mahema ya plastiki, muziki, wauza mandazi, mashimo kila mahali. Wanakata miti ya kushikilia mashimo yasianguke, iliyobaki wanachoma makala, makaa ya kupikia. Shoka upande huu, shoka upande ule, kama mvua ya mawe kwenye bati. Masuku yote ya upande wa jua yamelala chini. Kule nilikookota uyoga kuna tanuri la makala linafuka moshi.

Mizinga mitatu imepasuliwa. Wa nne sikuuona, wala mti wake.

Halafu mtu akapaza sauti: Tata ya maua! Glodi, juu ya rundo la udongo, ananipungia mikono yote miwili, furaha tupu. Nikajificha nyuma ya mti. Mti wenyewe una alama ya shoka tayari.

Hata si mtu mbaya. Alikuwa ananiita tugawane soda.

Nimeteremka, nikaketi mara tatu njiani. Si uzee. Safari hii si uzee.

Jumatano, 7 Mei

Maji ya chemchemi yanatoka kama chai ya maziwa. Mama Josée amenionyesha ndoo. Upande wa kilima kuna ufa, mrefu, mkono wangu unaingia. Kwa chini unasikia nyundo. Wale wachimbaji, watoto tu, wako ndani ya kilima na kilima kimeanza kufunguka.

Na jambo lingine, baya zaidi kwangu. Wamempata mkosaji. Mbuyu.

Mbuyu anachoma makala kidogo kidogo tangu zamani, matawi makavu tu. Alihamia hapa kutoka Bukama na bibi na watoto watatu. Ananisaidia kuvuna asali kwa sababu mimi naogopa ngazi. Vijana wa kijiji wanasema walimwona siku ile ya kwanza anawaonyesha bacreuseurs, wale wachimbaji, njia. Kweli aliwaonyesha. Walimkuta darajani, wakamwuliza msitu wa masuku uko wapi, akanyoosha mkono, kama mtu yeyote. Wamempiga mdomoni.

— Njo ye alituuzisha, akasema Mama Josée. Mutu wa kuya.

Ndiye aliyetuuza, mtu wa kuja. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti chake, nimeshika kikombe chake.

Nikajibu: Eh, kama anayekubali.

Ni hilo tu. Eh!

Ijumaa, 9 Mei

Saa kumi, mbele ya nyumba ya shefu. Naandika hapa hapa, daftari kwenye magoti.

Shefu alinitumia mtu shuleni: mwalimu aje na kalamu. Nikafikiri, wanajua. Nilimpigia Adèle simu, nikamwambia funguo za nyumba ziko wapi, kana kwamba hajui. Akasema: sema leo, Tshilombo. Sema tu.

Hawajui. Wanataka barua. Ya Kifaransa, yenye kurasa mbili na sahihi za watu wote, iende kwa wakubwa: mtu aliyefungulia wachimbaji kilima aondolewe hapa yeye na jamaa yake, na nyumba yake ibomolewe. Kesho asubuhi, amesema kijana mmoja. Wengine wamesema kwa nini kesho.

Mbuyu amekaa chini, midomo imevimba. Bibi yake ameshafunga sufuria ndani ya kitenge. Mtoto mdogo amekalia godoro lililokunjwa. Mbuyu aliponiona alipumua, nilimwona. Tata mwalimu anafika, amemwambia bibi yake, ye anajua mi niko mutu gani.

Nyuma yao mashoka hayajaacha. Kutoka hapa naona kilima chote. Mwezi uliopita nilikuwa naona miti.

Nimeandika mahali na tarehe. Nimeandika: Sisi, wakaaji tuliosaini hapa chini. Nimeandika kwamba kuna mtu mmoja aliyetoa siri ya Kasonso kwa wageni. Yote ni kweli mpaka hapo. Kifaransa safi kabisa. Kisha nikafungua daftari hili, na wao wanadhani bado ni barua. Kalamu inatembea, wanaridhika.

Nahesabu vijana: kumi na wanne, na mapanga manne. Barabara iko nyuma yangu. Moto iliyonileta imeondoka.

Mama Josée ameinama karibu na sikio langu.

— Mwalimu, unafika wapi?

— Kwenye jina, mama.

— Basi andika. Si unalijua?

Nimemjibu ndiyo. Nalijua. Amesimama pale pale, anangoja, na shefu amewaambia watu wanyamaze, mwalimu anataka kusoma barua.