Haluli Niliyokupa, Maganga

Mtani wangu Maganga,

Sina raha. Nikikaa nasimama, nikisimama natoka nje ya zahanati, na nikishatoka sijui nilifuata nini. Wakata mkonge wanadhani mimi, dresa wao, mtoa dawa wao, nimerogwa. Waache wadhani.

Mkeo Kabula aliugua kuhara damu, ugonjwa uleule uliokuondoa. Safari hii sikucheka. Nilichukua choo kingali na joto, nikakipaka kwenye kioo, nikainamia hadubini mpaka shingo ikakakamaa. Amiba hakuna. Usaha tele, na damu. Basi ni bakteria, na dawa naijua: vidonge vya salfa, maji, uji mwepesi wa chumvi, kikombe baada ya kikombe. Nilimsimamia mwenyewe. Siku ya nne choo kikawa safi. Nililia mbele ya wagonjwa, haki ya Mungu.

Na wewe je? Ulikuja umejikunja, unasema, "Mtani, natoa damu." Wiki moja kabla ulijilaza kwenye benchi langu ukajifanya maiti, nikaanza kukulilia, kumbe unanicheka! Nikasema leo nami nimpate Mnyamwezi huyu. Nikakupa haluli. Dawa ya kuharisha, kwa mtu anayehara! "Kunywa yote, uvivu ukutoke." Waliokuwa wakisubiri wakaangua kicheko. Hata wewe ulicheka, ukainywa, kwa kuwa aliyekupa ni dresa. Kwenye kitabu cha wagonjwa cha Mzungu mwenye shamba nikaandika huna ugonjwa, ukarudishwa kukata mkonge. Siku ya tatu walikubeba kwa machela kwenda hospitali ya Kilosa. Hukufika.

Kaburini walinisukuma: "Msagara, anza! Mtani wako huyo!" Kwa desturi ya utani nilitakiwa nirukie shimoni, nikusute kwa kulala saa za kazi. Mdomo haukufunguka. Wakasema nimezidiwa na huzuni. Huzuni ilikuwepo, lakini iliyonifunga mdomo ni hofu.

Jana Kabula, ambaye hakuna aliyemwambia kuwa ulikuja kwangu, kanishika mikono yote miwili. "Shemeji, umeniponya. Maganga alikuwa mbishi tu. Angekuja kwako, angekuwa hai."

Nikaitikia kwa kichwa. Mtani, niliitikia!

Nimekata shauri. Nikiweka kalamu chini nakwenda kwake, nimweleze yote, haluli na kitabu. Akinifukuza, haki yake. Akinipiga, sitakinga uso. Pumzika, ndugu yangu. Nakwenda kumwambia kwamba ulikuja, tena kwa miguu yako mwenyewe.