Picha ya Nyanya Yako Akicheka

Butembo

Kavira, mujukuu wangu,

Kuna jambo nimelificha tangu miaka ya vita, na kifua changu hakinipi tena muda mrefu. Hapa nyumbani wote ni wazima. Shangazi yako amevuna maharagwe Kipese.

Umeniomba ruhusa ya kuwaonyesha wapigapicha wenzako ile picha ya nyanya yako akicheka, jina langu likiwa chini yake. Usiliandike.

Miaka ile filimu zilikuwa haba, kwa hiyo mimi na Saidi, dereva kutoka mji wa Beni, tuligawana moja: yeye apige nusu, mimi nusu. Jumapili moja tulitandaza picha mezani mbele ya wenzetu waliopenda kamera kama sisi, kila mmoja akionyesha zake.

"Mwalimu, batu bote mu picha zako banasimamaka kama nguzo," wakanitania. "Lakini hii yenye kucheka ni ya nani?"

"Ni yangu," nikasema.

Saidi alinitazama, akanywa chai yake. "Mwalimu ameanza kujua kupiga," akasema.

Alifariki nikiwa sijawaambia ukweli. Ni yeye aliyeipiga, uani kwetu, na nyanya yako alicheka kwa sababu Saidi alikuwa akiniiga ninavyomwamuru: "Simama sawa, usitikisike."

Babu yako