Kisima Kilikuwa Bado

Mwenzangu uko wapi? Nimejifungia kwenye gari la mradi, vioo juu. Aibu niliyoipata leo, ardhi ingepasuka ningeingia mwenyewe.

Ule ujumbe wa serikali umekuja kukiona kisima chetu cha mvuke. Hao ndio wanaoamua kama tutapewa fedha za kuchimba cha pili.

Sasa kisima kikishachimbwa kinabaki kimejaa maji baridi. Lazima ukiache kitulie, joto la chini lipande. Chetu kilikuwa bado. Na nilijua kilikuwa bado!

Bosi akaniuliza mbele ya wageni, "Mhandisi, tayari?"

Nikasema tayari. Kwa mdomo wangu huu. TAYARI.

Tena nikawaambia wazibe masikio, kitanguruma. Wakaziba kweli, watu wazima na suti zao! Nikafungua vali.

Kikakohoa. Halafu kikatema tope baridi, likamwagikia yule mama mkuu wa ujumbe kuanzia kilemba hadi viatu. Wenzake bado wameziba masikio.

Mama hakufoka. Afadhali angefoka. Alijifuta uso, akanivuta pembeni.

"Mwanangu, kweli kilikuwa tayari?"

"Hapana, mama."

"Kilitaka nini?"

"Muda tu, mama."

Akanitazama weee. "Hata chai huwa naisubiri ichemke. Ungesema bado, ningesubiri. Sasa siku ukiniambia tayari, nitakuaminije?"

Wako hemani wanakunywa chai. Bosi ananiita nikanywe nao. Hicho kikombe nitakishikaje?